Jani Nililolificha Ukutani

Harufu ya soksi za sufu zilizolowa, zikiwa zimetundikwa juu ya moto wa kuni, haifanani na harufu nyingine yoyote. Kidogo ni ya kondoo, kidogo ya moshi, kidogo ya miguu ya watu. Nilidhani niliiacha mlimani nikiwa mtoto. Majira haya ya baridi nimekutana nayo tena, upande huu mwingine wa dunia, na imenilazimisha kuandika jambo ambalo lingekuwa sentensi moja tu kama ningelisema kwa wakati wake.

Binti yangu Neema, ambaye ninaishi naye hapa Seven Hills, jijini Sydney, Australia, alitupeleka kwenye theluji shule zilipofungwa. Ni mwendo wa karibu siku nzima kwa gari kutoka Sydney, ukihesabu na vituo vya watoto kwenda chooni. Loji tuliyofikia ni nyumba ya mbao ya zamani, haina makuu: jiko moja ambamo kila familia inajipikia, vyumba vya vitanda vya kupandana, na kibao mlangoni kinachokuamuru uvue viatu. Watoto wa watu wasiojuana walikuwa wakikimbizana humo kama ndugu. Neema alinivalisha makoti mawili na kofia ya mumewe, kisha yeye na watoto wakaenda kuteleza, nikabaki kando ya moto na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifuma. Mlango wa chumba cha kukaushia nguo ulikuwa wazi nyuma yetu. Ndipo harufu iliponifikia, nikashika mikono ya kiti kama mtu aliye kwenye gari linaloyumba. Yule bibi aliniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama.

Baba yangu alikuwa mtunza kibanda kwenye mlima Kilimanjaro, njia ya kwetu Marangu, mahali ambapo wageni walilala siku ya pili ya kupanda. Tuliita kibanda, lakini kwa macho yangu ya utoto ilikuwa nyumba kubwa kuliko kanisa. Kuta za mbao, paa la bati lililolia kwa upepo, vitanda vya kupandana, na katikati jiko la chuma lililokula kuni kama ng'ombe anavyokula majani. Juu ya jiko kulikuwa na waya, na juu ya waya soksi za watu wa mataifa yote. Kazi ya baba ilikuwa kuhakikisha moto hauzimiki, supu haiishi, na hakuna mgeni anayeteremka na soksi za mwenzake.

Likizo ile ya shule nilipopelekwa kwake, baba alikuwa hajashuka nyumbani tangu mvua za mwaka uliotangulia. Likizo zake zilipita akiwa hukohuko. Sababu ilikuwa kaka yake, baba mkubwa. Babu kabla ya kufa aliwagawia kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kwa mstari wa masale, na baada ya msiba baba mkubwa aliyang'oa masale yale usiku na kuyapanda upya hatua mbili ndani ya upande wetu, akajipatia migomba sita. Walitukanana mbele ya watu kwenye pombe ya mbege. Baba alichukua blanketi lake akapanda mlimani, akasema atashuka siku masale yatakaporudi yenyewe.

Kwa wasio wa kwetu inabidi nieleze. Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani, wa kawaida tu, ambao Wachaga tunaupanda kwenye mipaka na makaburini. Lakini jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na ombi hilo halikataliwi. Mtu anaweza kukataa mbuzi, akakataa wazee waliotumwa, akakataa hata machozi. Jani la sale hakatai. Anayelikataa amejitoa katika watu, na hakuna atakayemwambia hivyo usoni. Watamwachia nafasi pana kwenye benchi, basi.

Siku ya kuondoka kwangu, mama alikuwa amekwenda kutafuta wapagazi wa kuniongoza. Baba mkubwa aliniita kwenye mpaka. Alikuwa ameanza kuugua kifua, alipumua kama mtu anayepuliza moto. Akakata jani, akalifunga fundo polepole, akaliweka ndani ya shati langu, likagusa ngozi, la baridi.

"Mpe baba yako mkononi," alisema. "Mtu mzima nikimtuma ataongeza maneno yake njiani. Mtoto haongezi."

Akaniambia nisimwambie hata mama. Nikaahidi. Nilijua vizuri nilichobeba. Mtoto wa kwetu anajua sale kabla hajajua herufi. Siwezi kujitetea kwa hilo.

Nilifika kibandani jioni ya siku ya pili, miguu imevimba, nikiwa nyuma ya mpagazi mmoja aitwaye Anaeli ambaye hakunyamaza njia nzima. Siku hiyohiyo alifika mgeni mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye pua nyekundu, na mzigo wake mmoja ulikuwa mbao mbili nyembamba, ndefu kunipita, zilizopinda mbele. Nilimuuliza Anaeli ni za nini.

"Za jeneza lake," alinijibu bila kucheka. "Mzungu ni mtu wa mipango. Akifa huko juu hataki kumsumbua mtu."

Niliamini. Wakati wa kula nilimtazama yule mgeni akinywa supu na nikaona huruma hata chakula changu kikanishinda. Jani lilikuwa bado ndani ya shati. Nilikuwa nimepanga kulitoa baada ya kula, baba akikaa. Lakini alipokaa, nilimuuliza kwanza kama kweli yule mtu atakufa na kama mbao mbili zitamtosha, maana zilikuwa nyembamba. Baba alimtazama Anaeli, Anaeli akatazama dari. Kisha baba akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa soksi ya mgeni iliyokuwa karibu, akacheka upya alipoona alichofutia.

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akicheka. Nyumbani alikuwa mtu wa kuingia na kutoka. Nikasema moyoni, jani nitampa kesho.

Kesho yake asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Yule mgeni, baada ya kuelezwa kilichonisumbua, alinipandisha juu ya mbao zake nje ya kibanda ili nione kuwa ni za kutelezea kwenye theluji. Baba alinishika mkono mmoja, yeye mwingine, wakanisukuma. Niliteleza hatua tatu, labda nne, nikaanguka kifudifudi. Wapagazi walishangilia. Baba aliniinua, akanipangusa, akaniweka karibu na jiko na kikombe cha kakao chenye maziwa ya kopo, akasema, "Umeteleza mlimani kabla ya mtoto wa mkuu wa wilaya." Sijui kama mkuu wa wilaya alikuwa na mtoto. Najua tu kwamba siku hiyo nilihesabu: nikimpa jani, atashuka. Akishuka, nitashuka naye. Kule chini kuna shule, kuna kukata majani ya ng'ombe, na kuna baba yule mwingine, asiyecheka.

Ukutani, nyuma ya kitanda changu cha chini, kulikuwa na ufa kati ya mbao mbili. Nikaliingiza jani humo.

Sikuona kama ninaiba. Bibi yangu alikuwa akituambia daima kwamba sale halifi. Ukikata fimbo yake ukaitupa njiani, itaota palepale ilipoangukia. Ukiling'oa leo, mizizi itasubiri mvua. Nilimsikia kwa masikio ya mtoto. Niliamini kwamba kama mmea haufi, basi na ombi lililofungwa ndani yake halifi. Lingesubiri. Ningelitoa mwisho wa likizo, au likizo nyingine, likiwa la kijani kama nilivyoliweka, na baba angelipokea, na hakuna ambaye angepungukiwa kitu. Katika hesabu zangu sikumweka baba mkubwa, mzee anayepumua kwa shida, akisimama kila jioni kwenye mpaka na kutazama njia ya mlimani.

Nilikaa kibandani wiki nne. Nikisema zilikuwa wiki za furaha kuliko zote nilizoishi, ninaona aibu, lakini ndivyo zilivyokuwa. Nilijifunza kupanga kuni, mbichi nyuma, kavu mbele. Nilijifunza kuoanisha soksi kwa kunusa. Wageni waliokuja na watoto walituachia biskuti, tukacheza kadi bila kuelewana lugha. Ukungu ukija, baba alinifunika kwa koti lake na kunisimulia mambo ya utoto wake, na katika kila hadithi kaka yake alikuwemo, akimbeba kuvuka mto, akimfundisha kupiga miruzi. Akifika hapo alichokoa moto. Wenzangu mliokula chumvi nyingi kama mimi mtaona nilichokuwa nikionyeshwa. Mimi niliona moto tu.

Mgeni wa mbao alirudi siku ya nne, mzima, amebabuka uso. Nilimkimbilia nikamkumbatia miguu. Anaeli alisema yule Mzungu atakwenda kwao kutangaza kwamba watu weusi wana upendo sana.

Shule ilipokaribia kufunguliwa, Anaeli akanishusha. Asubuhi ile nilitia vidole kwenye ufa, nikaligusa jani, nikalisikia bado laini. Baba alikuwa anamwaga majivu nje. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Nikaliacha.

Baba mkubwa alikuwa amesimama palepale aliponiachia. Alikuwa amekonda. Alimngoja Anaeli apite, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu."

Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa la kwanza. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei ya kitu asichoweza kununua. "Hakusema kitu," alirudia. Akanishika utosi, akaniambia nimekuwa mrefu, akaingia ndani kwake. Sikumwona tena kwenye mpaka.

Masika yalipoanza alikufa. Baba alishuka mlimani kwa mazishi, akiwa amelowa, na soksi zake zikanukia moshi nyumba nzima. Pale msibani nilimwona akikaa kwenye benchi la ukoo, na nikaona wazee wakijisogeza, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki na nafasi ya watu watatu kila upande. Mke wa marehemu alikuwa amewaambia kwamba baba alipelekewa jani na hakulijibu. Baba alitazama kulia na kushoto. Alidhani ni kwa sababu ya kutoshuka kwake. Alipotaka kutupa udongo, watoto wa baba mkubwa walisimama mbele ya kaburi wakampa migongo, na wa kwanza wao alikuwa Ndekirwa, rafiki yangu, aliyenizidi mwaka mmoja.

Tulirudi nyumbani sisi wawili kwa njia ya migombani. Baba alisimama kwenye masale. Akasema, si kwangu hasa:

"Angenituma hata jani. Hata kama angelichuma upande wangu. Ningeshuka siku hiyohiyo."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kushika koti lake. Mdomo wangu ulifunguka. Mvua ilikuwa inanyesha, na nikajiambia kwamba nitamwambia mvua ikikatika.

Likizo iliyofuata nilipanda tena mlimani, nikalitoa jani ukutani. Lilikuwa la kahawia, jepesi kama ganda la mgomba, na nilipolifungua fundo lilivunjika vipande vitatu. Nilivitia ndani ya jiko, chini ya soksi za watu. Havikuwaka hata kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Baba alinitazama, akaniuliza nachoma nini. Nikasema takataka.

Baba aliishi miaka mingi baada ya pale. Aliacha kazi ya mlimani, akalima, akazeeka, na benchi lilibaki na nafasi yake pana kanisani, sokoni, kwenye kila harusi. Hakuwahi kujua sababu. Wakati mwingine aliniuliza kama ana harufu mbaya, akijifanya anatania. Nilisoma mpaka sekondari, nikapata kazi ya ukarani mjini, nikaoa, na kila nilipokwenda kumsalimu nilikwenda na sentensi ile moja na kurudi nayo. Mwanzoni nilinyamaza kwa woga wa fimbo. Baadaye niliona fimbo ingekuwa nafuu. Alikufa akiwa ameshika mkono wangu, na hata hapo, alipokuwa bado anasikia, nilimwambia habari za mvua.

Mwaka huu Neema alinunua mmea wa mapambo dukani Bankstown, akauweka sebuleni karibu na televisheni. Nilipotoka chumbani kwangu asubuhi niliukuta. Ulikuwa sale, kwenye chungu cheupe, na kikaratasi cha maelekezo ya kuumwagilia. Nilimuuliza mwanangu kama anajua alichokileta ndani. "Baba, si ua tu hilo? Linasafisha hewa," akasema, akakimbilia zamu yake ya kutunza wazee. Kosa si lake. Sikumfundisha. Ningemfundishaje sale bila kumfundisha na mengine?

Basi nilikuwa nimeishi na mmea ule miezi mitatu, nikiupita kwa pembeni, hadi siku ile ya loji na harufu ile ya soksi. Kwetu Marangu ilikuwa asubuhi. Nikatoa simu nikampigia Ndekirwa, ambaye bado yuko kwenye kihamba cha baba yake. Tulikuwa tunasalimiana Krismasi tu, kwa maneno ya juujuu.

"Kama ni msiba sema haraka, mdogo wangu, sijanywa chai," alisema.

Nikamwambia yote, nikiangalia theluji dirishani na wajukuu wangu wakianguka na kuinuka. Alipomwambia mtu azime redio, nilijua amesikia. Jogoo aliwika huko kwake.

"Mama alitukataza hata maji ya kwenu," alisema hatimaye. "Mlipochinja kwa harusi ya dada yako, harufu ya nyama ilipita kwenye masale. Sisi tulikula makande."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikula nyama."

Nilimwambia namwomba msamaha. Akauliza, kwa simu? Nikasema Neema atakuja huko Desemba, nitampa jani alilete, hata huku sale lipo. Nikamsikia akicheka kidogo, kicheko kikavu, kisicho na ubaya.

"Baba yangu alimpa mtu jani alipeleke," alisema. "Umenieleza sasa hivi lilikofika. Lete mwenyewe."

Sikumwambia kwamba daktari amenikataza ndege kwa ajili ya moyo. Ingekuwa kama kuomba kupunguziwa. Nikamwambia nimesikia, kaka. Akasema sawa, chai inapoa.

Mjukuu wangu mkubwa aliingia akiwa amelowa, akavua soksi na kunipa nizitundike, na kwa kuwa aliona uso wangu, aliketi. Nilimweleza kwa Kiswahili, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa Kiingereza, kwa upole, kwa nini sikumwambia tu baba yangu. Nikazigeuza soksi upande wa pili.

Karatasi hizi Neema atazibeba Desemba. Nimemwomba azisome kwa sauti pale kwenye mpaka, mbele ya watoto wa Ndekirwa na wajukuu wake, na wazee wa ukoo waliobaki. Jambo moja tu ndilo nataka walisikie vizuri: baba yangu hakukataa jani la kaka yake. Hakuliona. Lilikuwa ukutani, nyuma ya kitanda changu.

Jani langu mimi hatalibeba. Liko mfukoni mwa koti, limefungwa fundo, linangoja daktari abadili mawazo. Likikauka nakata jingine. Hili ni la tano, na jana Neema aliuliza mbona mmea umekonda upande wa ukutani.